Somo la Vijana: Mbegu za Wazee Wetu, Nani Ale Matunda Yake?



Leo naomba tuongee jambo ambalo halisikiki sana kwenye semina zetu: mbegu. Nazungumzia mbegu hasa, za mtama, kunde na mpunga, zile ambazo wazee wetu wamezichagua na kuzitunza kizazi baada ya kizazi. Swali ni hili: mbegu hizo zikienda mbali, zikaingia maabara, zikaleta faida ya biashara, je, yule aliyezitunza anastahili kitu? Na kama anastahili, anapewa kama sadaka au ni haki yake?

Jibu langu ni kwamba ni haki yake. Lakini nataka tulifikie pamoja, maana kuna hoja nzito upande wa pili na si vizuri kuzikwepa.

Kabla hujaendelea, chukua Biblia usome: 1 Wafalme 21:1-19, 1 Wakorintho 9:7-11, Yakobo 5:1-6. Soma taratibu. Nitakusubiri.

1. Tuanzie nyumbani: maji ya Uluguru

Sisi wa Morogoro tukifungua mlango asubuhi tunaiona milima ya Uluguru. Huko ndiko vinakoanzia vijito vinavyoingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mradi katika kata ya Kibungo Juu, huko huko Uluguru. Wazo lake lilikuwa rahisi. Mkulima wa mlimani akilima kwa matuta na kupanda miti, udongo haushuki mtoni na maji yanafika chini yakiwa safi. Basi anayefaidika na maji hayo huko chini amlipe mkulima wa juu kwa kazi hiyo. DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza ndio walioingia kama wanunuzi.

Hebu tuliangalie wazo hilo vizuri. Mkulima wa Kibungo Juu hakuumba maji. Mvua ni ya Mungu. Hakuna aliyesema, "Haya maji ni yangu, nawauzia." Alilipwa kwa sababu ya kazi yake ya kutunza, kazi ambayo bila hiyo mtu wa mjini angepata tope. Kwa hiyo kuna zawadi ya Mungu na kuna jasho la mtu, na vyote viwili vimo ndani ya glasi moja ya maji. Shika hapo, tutahitaji baadaye.

2. Mtama uliotoka Tanzania

Sasa tuje kwenye mbegu. Mtama ni zao la Afrika. Hapa mkoani kwetu unalimwa hasa sehemu kavu kama Gairo, na kituo cha utafiti cha Ilonga, wilayani Kilosa, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi.

Zamani, kabla wengi wetu hatujazaliwa, mbegu za mtama zilikusanywa kutoka nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, zikapelekwa kwenye makusanyo makubwa ya dunia. Marekani ilianza mwaka 1963 mpango wa kuchukua aina za mtama za nchi za joto na kuzibadilisha ziwe fupi na ziweze kukomaa katika majira ya kwao. Kila aina ikapewa namba. Moja yao, yenye asili ya Tanzania, inaitwa SC283. Ndiyo hivyo, herufi mbili na tarakimu tatu. Kwenye jina hilo hakuna kijiji wala ukoo.

Mtama huo una sifa ya pekee. Ardhi nyingi duniani ina tindikali; inakadiriwa karibu nusu ya ardhi inayoweza kulimwa iko hivyo. Katika udongo wa namna hiyo madini ya alumini yanayeyuka na kuua ncha za mizizi. Mmea unadumaa. Lakini mizizi ya SC283 inatoa asidi ya sitriki, ile ile iliyomo kwenye limau, inayoishika alumini nje ya mzizi na kuizuia isidhuru. Watafiti wa shirika la Embrapa la Brazili pamoja na wenzao wa Marekani waliufanyia kazi mtama huo kwa miaka, wakakipata kinasaba kinachosimamia sifa hiyo, wakakiita SbMATE. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2007. Mwaka 2009 Marekani ikatoa hataza juu ya kinasaba hicho.

Naomba tuwe wakweli hapa, maana ukristo bila ukweli ni kelele tu. Hataza ile haimzuii mkulima wa Gairo kupanda mtama wake. Ni ya muda, na nguvu yake iko katika nchi iliyoitoa. Watafiti wale walifanya kazi ya kweli, tena kazi nzuri inayoweza kuwashibisha watu wengi. Embrapa hata walishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, katika kutafuta mtama na mahindi yanayovumilia udongo wenye tindikali. Hiyo nayo ni namna ya kurudisha faida Afrika, kwa njia ya elimu.

Lakini angalia hataza inavyoona mambo. Inamwona mgunduzi. Haimwoni mkulima aliyeona kwamba mtama huu unasimama pale mwingine unapokufa, akaweka masuke yake pembeni, akapanda tena mwaka uliofuata, akamwachia binti yake. Maabara ilieleza sababu ya sifa ile, sawa. Ila sifa yenyewe ilikuwa imeshachaguliwa shambani. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa aliyechumia juani ni mmoja, na anayelia kivulini ni mwingine.

Na si mtama peke yake. Kuna ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani. Wanasayansi walilipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya Baron Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyelikuta upande wa Tanga mwaka 1892 na kulipeleka kwao. Ndugu zake ua hilo wako hadi kwenye misitu ya Uluguru. Kwetu ni ua la porini kwenye mawe yenye unyevu. Kwa wenzetu ni biashara ya zaidi ya miaka mia. Ukiuliza Morogoro mjini ni wangapi wanalijua, utapata wachache.

3. "Lakini mbegu si ni za Mungu?"

Kijana mmoja wa VIWAWA aliwahi kunibana kwa swali hili, na ni swali zuri. Alisema: "Mbegu kaumba Mungu. Kwa nini mtu yeyote alipwe? Halafu sisi wenyewe tumekula vya wenzetu bure. Mahindi yametoka Amerika. Mihogo vilevile. Tumemlipa nani?"

Ana hoja. Nenda Matombo au Mkuyuni uone karafuu, mdalasini na pilipili manga zinavyowalisha watu na kusomesha watoto. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Pilipili manga imetoka India. Hakuna Mluguru aliyetuma hela Maluku. Tukisema kila mbegu ifungiwe kwao, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kulala njaa.

Kwa hiyo sitetei kufunga mbegu. Mbegu zimetembea tangu zamani, na ni vizuri zitembee. Bibi yangu wa upande wa Matombo alikuwa na masuke na maganda ya kunde yamening'inia juu ya moto jikoni ili moshi ufukuze wadudu, na jirani akiomba mbegu alipewa. Kumnyima jirani mbegu ni aibu kwetu.

Lakini kulikuwa na taratibu hata hapo. Aliyepewa alijua kapewa na nani. Akivuna vizuri, alirudi na chochote. Na bibi naye akipungukiwa, alijua mlango wa kugonga. Zawadi ilijenga udugu uliokwenda na kurudi. Tatizo linaanza pale mtu anapopokea bure, kisha anaweka uzio kuzunguka alichopokea na kuwauzia wengine, wakati yule aliyempa hata jina lake halikumbukwi. Hapo zawadi inakwenda upande mmoja tu.

4. Maandiko yanasemaje

*Nabothi (1 Wafalme 21).* Wengi tunakumbuka kwamba Nabothi aliuawa kwa ajili ya shamba la mizabibu. Ila soma tena utaona jambo moja: dhuluma ile ilipita kwenye karatasi. Yezebeli aliandika barua, akaipiga muhuri wa mfalme, wakaitwa wazee, wakaletwa mashahidi. Kwa macho ya ofisi kila kitu kilikuwa kimekamilika. Simlinganishi mtafiti yeyote na Yezebeli, Mungu apishe mbali. Ninachosema ni kwamba Neno la Mungu linatufundisha kutotosheka na swali, "Je, kisheria ni sawa?" Tuulize pia, "Je, ni haki?" Na Nabothi alikataa kuuza kwa sababu lile lilikuwa urithi wa baba zake. Kwa Waluguru, ambao ardhi ya ukoo hupitia upande wa mama, hilo halihitaji maelezo marefu.

*Mtakatifu Paulo (1 Wakorintho 9).* Paulo anachukua sheria ya zamani kuhusu ng'ombe anayepura nafaka, kwamba asifungwe kinywa, na anasema ilihusu watu: anayelima na anayepura wafanye kazi wakitumaini kupata sehemu yao. Anaongea juu ya wahubiri, lakini hoja yake imejengwa juu ya shamba. Kama hata ng'ombe anaachiwa ale wakati wa kupura, itakuwaje kwa mtu?

*Mtakatifu Yakobo (sura ya 5).* Yeye anasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana. Ujira ni deni. Huwezi kumlipa mtu deni lake kisha ukamtaka akushukuru kama umempa msaada. Wahenga nao wakasema: Mgala muue na haki yake mpe.

5. Kanisa linatufundisha nini

Mafundisho jamii ya Kanisa yanaanza na kanuni moja kubwa: Mungu ameiumba dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Utaikuta kwenye Katekisimu namba 2402 hadi 2406, na Papa Fransisko aliirudia katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 93. Mali binafsi ni halali, lakini haiko juu ya kanuni hiyo. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa Sollicitudo Rei Socialis wa mwaka 1987, namba 42, alieleza kwamba kila mali binafsi ina deni kwa jamii. Na mwaka 1991, katika Centesimus Annus namba 32, akaongeza kwamba siku hizi kuna mali ya aina nyingine yenye uzito kama ardhi, nayo ni ujuzi na teknolojia. Ukiunganisha mafundisho hayo, hataza nayo ni mali yenye deni kwa jamii.

Lakini mimi ninayependa zaidi ni katekesi fupi tunayoisikia kila Jumapili bila kuitilia maanani. Wakati wa matoleo, padre anapoinua mkate, anamshukuru Mungu kwa sababu ya vitu viwili: ardhi iliyozaa, na kazi ya mikono ya watu. Anataja vyote viwili.

Anayesema "mbegu ni ya asili tu, ichukuliwe" ameona ardhi akasahau mikono. Anayesema "mbegu ni yangu peke yangu, hakuna kugusa" ameona mikono akasahau zawadi. Kanisa linashika yote mawili. Kwa sababu ni zawadi, mbegu itembee. Kwa sababu ni kazi ya mikono, aliyeifanya kazi apate sehemu yake.

6. Sheria zimefika wapi

Dunia haijakaa kimya kabisa. Haya ni machache ya kujua.

Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai ulianza kutumika mwaka 1993, na unasema nchi ina mamlaka juu ya nasaba zilizo ndani yake, na faida zigawanywe kwa haki. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaweka taratibu: idhini kwanza, makubaliano, ndipo matumizi. Tanzania ilijiunga nayo mwaka 2018. Tatizo ni kwamba mkataba haugusi nasaba zilizotoka nchini kabla yake. Mtama wetu na ua letu vilishaondoka zamani. Kwa hivyo hapo sheria inanyamaza, lakini dhamiri hainyamazi.

Kwa mazao ya chakula kuna mkataba mwingine, wa mwaka 2001, na Tanzania ni mwanachama tangu 2004. Huo umeweka mazao 35 ya chakula, mtama ukiwemo, kwenye kapu la pamoja. Nchi yoyote mwanachama inaweza kuchota kwa ajili ya utafiti. Lakini kampuni ikitengeneza mbegu kutoka humo na kuwazuia wengine wasiitumie kwa utafiti, inatakiwa kulipa asilimia 0.77 ya mauzo kwenye mfuko wa kuwasaidia wakulima wa nchi zinazoendelea. Kwa mauzo ya shilingi milioni 100, hiyo ni shilingi 770,000. Ni kidogo, ila kanuni imekubaliwa. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinazitaja haki za wakulima: ujuzi wao ulindwe, wapate sehemu ya faida, na washiriki katika maamuzi. Utekelezaji umeachiwa serikali ya kila nchi.

Na kwetu? Tanzania ina sheria ya mwaka 2012 ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu. Ili ulindwe, mbegu yako iwe mpya, tofauti, yenye kufanana mmea kwa mmea, na isiyobadilika. Mbegu ya bibi haipiti hapo. Nguvu yake iko kwenye mchanganyiko: mmoja unavumilia ukame, mwingine wadudu, mwaka mbaya hazifi zote. Yaani sifa inayomwokoa mkulima ndiyo inayoinyima mbegu yake ulinzi. Hapo pana pengo, na vijana wanasheria wa TMCS wanaweza kulifanyia kazi.

Tusidhani pia kwamba kuwa na mkataba kunatosha. Mwaka 2005 Ethiopia ilisaini makubaliano na kampuni moja ya Uholanzi kuhusu teff, nafaka yao ya injera. Yalionekana mazuri. Kampuni hiyo ikapata hataza juu ya usindikaji wa teff huko Ulaya, mwaka 2009 ikafilisika, na Ethiopia ikapata kiasi kidogo mno. Hataza ikabaki mikononi mwa wengine hadi mahakama ya The Hague ilipoibatilisha kwa upande wa Uholanzi mwaka 2018.

Siku hizi hata mbegu haihitaji kusafiri. Taarifa za vinasaba zinatumwa kwa intaneti. Ndiyo maana nchi zilikubaliana huko Cali, Kolombia, mwaka 2024, kuanzisha mfuko ambao kampuni zinazofaidika na taarifa hizo zinahimizwa kuchangia, na angalau nusu ya fedha iwafikie wenyeji na jamii za mahali. Zinahimizwa, hazilazimishwi. Kazi bado ipo.

7. Sisi tufanye nini

Wengine wenu mnasoma SUA, wengine Jordan, wengine mko kijijini, wengine mnafanya kazi kwenye miradi. Napendekeza manne.

*Moja: jua ulichonacho.* Likizo hii kaa na bibi au babu, uandike majina ya mbegu zake kwa kilugha, zinapandwa lini, zinavumilia nini. Padre Charles Sacleux, mmisionari wa Roho Mtakatifu aliyeishi Bagamoyo na Zanzibar, alikusanya mimea ya pwani yetu na kuandika kamusi kubwa ya Kiswahili. Kama mgeni aliona majina yetu yanafaa kuandikwa, sisi wenyewe je?

*Mbili: ukiwa mtafiti, uwe mtafiti mwaminifu.* Ukienda kuchukua mbegu kwa mzee wa Mgeta kwa ajili ya tasnifu yako, mweleze zinakwenda wapi na zitafanyiwa nini. Mwombe ridhaa kwa lugha anayoielewa. Akikataa, heshimu. Akikubali, andika jina lake na kijiji chake kwenye kumbukumbu, kama anapenda. Ukimaliza, rudi umwambie ulichokipata. Kurudi tu na majibu ni sehemu ya kugawana faida, na haihitaji mkataba wa kimataifa.

*Tatu: msikubali kusaini gizani.* Viongozi wa kijiji wakiletewa karatasi, kijana msomi wa jumuiya aombe isomwe kwa sauti. Nani atafaidika? Kwa muda gani? Kampuni ikifa, mbegu na taarifa zinabaki kwa nani? Waethiopia wametufundisha swali hilo la mwisho.

*Nne: tusiue mbegu wenyewe.* Hatuwezi kudai haki juu ya kitu tulichokiacha kipotee. Parokia yenye shamba inaweza kutenga hata robo eka ya mbegu za asili, na siku ya kubariki mbegu zikaletwa mbele pamoja na zile za dukani.

Maswali ya kutafakari kwenye jumuiya

1. Nyumbani kwenu kuna mbegu gani ambayo haipatikani dukani? Nani anaijua vizuri?
2. Ni wapi katika maisha yangu nimepokea bure, kisha nikaweka uzio?
3. Je, kuna tofauti kati ya kumsaidia mkulima na kumlipa mkulima? Jadilini kwa kutumia Yakobo 5:4.
4. Kama watu wa Maluku wangetuomba sehemu ya karafuu za Uluguru, tungewajibu nini?

Tuombe

Ee Mungu Baba Muumba, wewe huotesha mbegu nasi tumelala. Tunakushukuru kwa mama na bibi zetu waliozitunza gizani, juu ya moshi wa jiko, ili sisi tule. Wape sehemu yao wale ambao dunia imewasahau. Waangazie watafiti, wafanyabiashara na watunga sheria, wajue kwamba kila walichopokea kilipita mikononi mwa mtu. Nasi vijana utujalie mikono iliyo wazi kutoa, na mioyo ya haki ya kumkumbuka aliyetupa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Isidori Mkulima, utuombee.